Msitu wa Sokoke na Karo za Shule



Tukitoka Kilifi kuelekea Malindi, msitu wa Arabuko-Sokoke u mkono wa kushoto, na hori ya Mida mkono wa kulia. Msitu huo, wenye kilomita za mraba zaidi ya 400, ndio makao ya bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hupatikana pia Usambara ya Mashariki. Horini, maji yakupwapo, huonekana ndege mweupe na mweusi alaye kaa. Huyu huzaliana katika fukwe za Ghuba, tunakoishi baadhi yetu, kisha huja Mida wakati wa kaskazi.

Mzazi anayedaiwa karo huingia msituni akakata mti. Kumkataza pekee hakumlipii deni. Ndiyo maana mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango wa kuyaunganisha mambo hayo mawili. Wageni hulipa kiingilio kupita juu ya daraja la mbao kati ya mikoko ya Mida, na fedha hizo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu. Watoto hufundishwa mazingira shuleni. Wazazi nao hutakiwa kuulinda msitu.

Sisi tulioshika chaki twajua kwamba somo lisilomfikia mzazi hubaki ubaoni. Basi twendapo nyumbani likizo, tuwapitishe watoto wetu Mida. Kiingilio chetu kitamweka mwana wa jirani darasani, na mti msituni.