Jembe la Mgeni na Nyumba ya Mzee

Atokaye Mbarara kuelekea kusini-mashariki hupita migomba ya Isingiro kabla ya kuliona Ziwa Nakivale. Kando ya ziwa hilo walipokelewa wakimbizi wa Rwanda tangu miaka ya mwisho ya 1950. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Serikali ya Uganda humpa mkimbizi kiwanja cha kujenga na, ardhi ikiwapo, sehemu ya kulima. Ndivyo wahenga walivyonena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Je, mzee asiyeweza kuinua jembe, ambaye wanawe wamepotea vitani, atajengewa na nani? Mara nyingi kazi hiyo huwaangukia majirani na mashirika ya misaada. Lakini swali hilo ni la kale, na zipo koo zilizolijibu kwa kujenga.

Watu wa Pwani walilijibu kwa wakfu: mwenye mali aliitenga nyumba isiuzwe wala kurithiwa, ili maskini apate hifadhi na thawabu ziwafikie wazazi wake marehemu. Huko Ujerumani, katika mji wa Augsburg, tajiri Jakob Fugger alijenga kijiji kizima, Fuggerei. Hati yake ya mwaka 1521 iliwataja pia ndugu zake wawili waliokwisha fariki, Ulrich na Georg. Nyumba zilikuwa za mafundi na vibarua waliofukarika pasipo kosa lao. Kodi ya mwaka ilikuwa gulden moja, na haijapandishwa: leo ni senti 88 za Yuro. Zaidi ya hiyo, mpangaji hudaiwa sala tatu kila siku kwa ajili ya wafadhili. Mwaka 1944 mabomu yalibomoa sehemu kubwa ya kijiji. Kikajengwa upya, na ukoo ungali unakisimamia.

Fugger aliwakopesha wafalme, lakini anayemwombea kila siku ni ajuza aliyepata mlango wa kufunga usiku. Askari, ambaye kazi humtenga na wazazi wake, ajua thamani ya mlango huo.

Mzee wa Nakivale hana ukoo wa kumjengea. Ukoo wake ni jirani anayekata fito, anayekanda udongo na kumwezekea paa kabla ya mvua. Wema hauozi.