Ziwa Lenye Ratiba

Anayepanga kwenda Lake Cumberland, kusini mwa jimbo la Kentucky nchini Marekani, afadhali aulize jambo moja kabla hata ya kuulizia chumba: maji yamefika futi ngapi? Namba ya kukumbuka ni 723. Hicho ndicho kimo, kuhesabu kutoka usawa wa bahari, ambacho ziwa hufikia likijazwa kwa ajili ya majira ya joto, na hapo maji hugusa miti. Likishuka, baina ya maji na msitu hujitokeza ukanda wa mawe na tope lililokauka, na kadiri baridi inavyokaribia ndivyo ukanda unavyopanuka.

Tulifika Oktoba. Ukanda ulikuwa mpana kiasi cha kumfanya mzee wa msafara aulize ni nani aliyeyanywa maji.

Msafara wenyewe ulikuwa familia ya Kikongo inayoishi Lexington, nami mgeni wao, nimebanwa kiti cha nyuma baina ya watoto na ndoo ya maandazi. Lexington imepokea Wakongo wengi miaka ya karibuni, wengi wao wakimbizi kutoka Kivu waliokaa kwanza kwenye kambi za nchi jirani, na katika shule za umma za mji huo Kiswahili kimo katika lugha zinazosemwa zaidi na wanafunzi ukiacha Kiingereza na Kihispania. Familia hii ilikuwa ikiandaa mkutano wa ukoo kwa kiangazi kinachofuata: ndugu wa Louisville, wa Bowling Green, na wengine wa kutoka nje ya jimbo. Safari ya Oktoba ilikuwa ya kwenda kukagua tu. "Huwezi kuita watu mahali ambapo wewe mwenyewe hujapaona," alisema mama mwenye nyumba, naye ndiye aliyeshika daftari.

Kentucky ina mbuga nyingi za jimbo, ila 17 tu ndizo zenye daraja la mapumziko, maana yake ndani yake kuna hoteli na mkahawa, si uwanja wa mahema na meza za mbao peke yake. Nyingi kati ya hizo zimekaa kando ya maziwa, na karibu yote ni maziwa ya kutengenezwa na watu. Langoni hakuna kiingilio. Mtu aliyezoea kulipa getini Serengeti au Nakuru atamtafuta karani wa tiketi na asimwone.

Lake Cumberland State Resort Park iko karibu na mji mdogo wa Jamestown, kaunti ya Russell. Hoteli yake, Lure Lodge, ina vyumba 63 na imejengwa juu ya mgongo wa kilima, ziwa liko chini. Mama alizunguka vyumba viwili vitatu kwa adabu, akasifia mandhari, kisha akauliza kuhusu nyumba ndogo zilizotawanyika msituni zenye jiko na friji. Uamuzi ukapita hapo hapo. Bugali ya ukoo mzima haipikwi ndani ya chumba cha hoteli, na hakuna mkahawa wa Kentucky utakaokuletea sombe. Unga wa muhogo utanunuliwa Lexington, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, Jamestown wasiutegemee.

Tulipita njia ya US 127, kupitia mji wa Liberty, barabara ya vilima na mashamba ya ng'ombe. Kuna mtego mmoja ambao mgeni hauoni. Ukitoka kaunti ya Casey kuingia Russell, saa inarudi nyuma kwa saa moja nzima, kwa sababu mpaka wa majira ya Mashariki na ya Kati unapita hapo. Aliyetoka Lexington saa mbili asubuhi akaendesha saa mbili, anafika saa tatu. Wakati wa kurudi saa hiyo inanyang'anywa, na kwa watu wenye zamu za usiku maghalani hilo si jambo la kuchekea. Baba wa familia aliliandikia mstari wake kwenye daftari na kupigia chini. Ziwa lenyewe lina saa mbili tofauti. Kaunti ya Wayne, ng'ambo ya kusini, ilihamia majira ya Mashariki mwaka 2000, huku Russell ikibaki ilipokuwa. Ukiahidiana na mtu wa ng'ambo mkutane kwa boti saa sita, ulizaneni kwanza saa sita ya nani.

Mzee alizaliwa Uvira, ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na alilitazama ziwa la Kentucky kwa jicho la mtu anayekagua mbuzi mnadani. Hakuna nyavu zilizoanikwa. Hakuna taa za wavuvi. Kuna boti za kuishi tu, nyumba kamili zinazoelea, zenye vyumba vya kulala na ngazi ya kupandia darini, ambazo eneo hili limejipatia jina kwazo. Ufuko wake, kwa sababu ya vijito vyote vilivyofurika, una urefu wa maili 1,255, yaani zaidi ya kilomita 2,000, lakini mahali pa mtu kutia mguu pole pole ni pachache: kingo ni miamba, na hatua ya tatu inaweza kuwa ya kuzama. Mama akaandika: watoto wataogelea kwenye bwawa la hoteli.

"Ndagala iko?" mzee akauliza gatini, na mjukuu wake akamtafsiria mvuvi aliyekuwa akifunga boti.

Jibu lilikuwa refu kuliko swali. Ndagala hakuna, ila wapo samaki wadogo wanaoitwa alewife na shad, ambao kwa ukoo ni ndugu zake, na hao ndio chakula cha samaki mkubwa anayewavuta wavuvi wengi hapa, striped bass. Huyu ni samaki wa pwani ya Atlantiki. Hapa hazaliani vya kutosha, kwa hiyo serikali ya jimbo hupanda vifaranga vyake. Rekodi ya Kentucky ilitoka kwenye ziwa hili mwaka 1985: ratili 58 na ushei, zaidi ya kilo 26.

Mzee hakushangaa hata kidogo. Sambaza wa Ziwa Kivu nao walipandwa, akasema. Waliletwa kutoka Tanganyika wakati wa Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo mtu wa Bukavu anakula akidhani waliumbwa pale. Ni kweli, na sijui kama yule mvuvi aliwahi kusikia habari za Bukavu, lakini alitikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi.

Samaki wamepandwa, na ziwa nalo limetengenezwa. Chanzo chake kiko dakika chache kutoka mbugani, na barabara ile ile ya US 127 inapita juu yake: Wolf Creek Dam, tuta la udongo lililounganishwa na ukuta wa zege, urefu wake futi 5,736, kimo futi 258. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilianza kulijenga mwaka 1941, vita vikakisimamisha, kazi ikaendelea baada ya vita, na umeme ukaanza kutoka mwaka 1951. Lilijengwa kuzuia mafuriko ya Mto Cumberland, unaoteremka hadi Nashville, na kuzungusha mitambo ya megawati 270. Mji wa Burnside ilibidi uhamie juu kupisha maji. Watalii walikuja baadaye, kama mgeni anayekuta karamu imeshaiva, na mpaka leo ratiba ya maji haiandikwi kwa ajili yao. Kabla ya mvua za masika, ziwa huachwa chini makusudi ili lipate nafasi ya kupokea mafuriko.

Tuta hilo lilikaribia kuleta balaa. Lilisimamishwa juu ya mawe ya chokaa, yale yale yanayoipa Kentucky mapango yake maarufu, na mawe ya chokaa hutobolewa na maji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 maji ya tope yalionekana yakitoka chini ya bwawa, na mashimo yakafunguka ardhini karibu na kitako chake. Mashimo yakajazwa saruji, ukuta wa zege ukashushwa ndani ya tuta miaka ya 1970, na watu wakalala. Maji hayakulala. Januari 2007 wahandisi walitangaza kwamba ziwa lazima lishushwe mara moja hadi futi 680, zaidi ya mita 13 chini ya kimo cha kiangazi. Gati za boti zikabaki juu ya matope na kulazimika kusogezwa, njia za kuteremshia boti zikaishia hewani, na wafanyabiashara wakawa na kazi ya kuwaeleza wateja kila mwaka kwamba ziwa bado lipo. Matengenezo yaligharimu dola milioni 594. Ukuta mpya, uliopenya tuta zima na kuingia ndani ya mwamba, ulikamilika mwaka 2013.

Kisha, wakati wa kulijaza tena ulipofika, akatokea samaki wa urefu wa kidole. Duskytail darter, aliye kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, alikuwa ameonekana sehemu ya juu ya ziwa ambayo maji yalipopungua ilirudia kuwa mto. Kuijaza kungeyafunika makazi yake. Wamiliki wa gati waliokwisha vumilia miaka saba walisoma habari hizo kwa hisia ninazoweza kuzikisia. Wataalamu wa wanyamapori walipochunguza, walitoa idhini, na mwaka 2014 maji yakarudi kwenye 723.

Chini ya bwawa kuna kituo cha serikali cha kufuga vifaranga, Wolf Creek National Fish Hatchery, ambako watoto walitumia muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Maji ya baridi kutoka kilindi cha ziwa huingizwa kwenye mifereji mirefu ya zege iliyojaa trauti, weusi weusi, wamebanana, wote wameelekeza vichwa upande maji yanakotoka. Ukitupa punje za chakula, uso wa maji unachemka. Kuingia ni bure. Mto ulio jirani ni mzuri kwa uvuvi lakini si wa kuchezea: mitambo ikianza kuzunguka maji hupanda ghafla, na mvuvi mwenye busara huangalia kwanza ratiba ya kufungulia maji.

Basi tarehe ikapangwa kwa kufuata maji. Wikiendi ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba, ndiyo iliyopendekezwa na ndugu wa Louisville. Mama akaifuta, maana ndipo kila mwenye boti hujitokeza na nyumba zenye jiko huwahiwa mapema. Ikabaki Jumamosi na Jumapili za kwanza za Juni. Ziwa kwa kawaida huwa limejaa, na siku hizo mbili Kentucky huruhusu watu kuvua bila leseni, ambayo siku nyingine hudaiwa kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi. Kwa ukoo wenye wajomba wengi, hiyo ni akiba ya maana.

Ilibaki hoja ya boti. Sheria ya jimbo inataka kila mtoto wa chini ya miaka 12 avae jaketi la uokozi boti inapotembea, mama akasoma. Mzee akasema vizuri sana, yeye ana 74. Mama akaandika orodha ya majaketi, na la kwanza kabisa likawa la baba mkwe.