Moyo wa Paka na Moyo wa Ami

Imenifikia juzi barua ya tabibu bingwa wa mioyo ya wanyama, kurasa nne zilizopigwa chapa vizuri, ikimweleza paka wa binti yangu kwa taadhima ambayo sikumbuki kuiona katika cheti chochote cha jamaa zangu. Na tangu niisome nina ghadhabu ambayo nikitaka kumwelekezea paka naona si insafu, na nikitaka kumwelekezea tabibu naona ni utovu wa shukrani.

Paka mwenyewe, jina lake Nyota, ni wa jinsi ya Maine Coon, yenye asili ya Marekani, ambayo baadhi ya paka wake hurithi maradhi ya kunenepa kwa ukuta wa moyo. Na tangu mwaka 2005 wataalamu wameijua kasoro moja ya jeni iletayo balaa hilo. Mnyama huweza kuishi nalo bila ya dalili yoyote, hata siku moja donge la damu likamtoka moyoni, likaziba mshipa uendao miguu ya nyuma, akawa anajiburura. Binti yangu alikuwa kazini, basi akanituma mimi nimpeleke Nyota kupimwa moyo, kama ilivyo desturi ya watoto wa huku Uingereza kuwatuma wazee wao.

Katika chumba cha kungojea nilimkuta mbwa wa jinsi ya Dobermann amevishwa kizibao, na chini ya kizibao kimefungwa chombo cha kuandika mapigo ya moyo wake kwa saa 24, kwani mbwa hawa misuli ya moyo huwalegea. Nami nikakusanya kanzu yangu, isije ikanajisika kwa mate yake.

Ndani, taa zilipunguzwa. Daktari alitaka kwanza kumsikiliza Nyota kifuani, lakini paka, kwa kupendezwa na kukunwa shingo, alikuwa akikoroma kwa raha hata mapigo hayasikiki. Msaidizi akafungua bomba la maji karibu yake, paka akashtuka akanyamaza. Akanyolewa manyoya kidogo chini ya kwapa, akapakwa jeli, akalazwa kwa ubavu wa kulia juu ya meza iliyokatwa tundu, na kipimo cha altrasaundi kikamgusa kutoka chini, kupitia tundu lile, mahali ambapo moyo huegemea ubavu na pafu likasogea kando. Kisha daktari akanigeuzia kioo. "Hiki, bwana, ni chumba cha juu cha kushoto. Damu inayokuja upande wa kipimo utaiona nyekundu, inayokwenda zake ni buluu. Na ukuta huu wa chumba cha chini ukifika milimita 6 ndipo tunapoingia wasiwasi. Wake una tano na nusu." Malipo yalikuwa mamia ya pauni, na sehemu kubwa ililipwa na bima. Naam, paka ana bima.

Chombo hiki cha altrasaundi hakikuanzia hospitalini. Mwaka 1953 Inge Edler, aliyekuwa tabibu, na Hellmuth Hertz, mwanafizikia, walitaka kuutazama moyo wa mtu ukipiga, huko Lund nchini Sweden. Na Hertz alianza kwa kujaribu chombo cha kuazima kutoka kiwanda cha meli mjini Malmö, kilichokuwa kikitafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma.

Habari hiyo ingalimpendeza mno marehemu ami yangu, fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, ambaye hakupata kuupigilia ubao msumari kabla ya kuugonga kwa mpini wa nyundo na kutega sikio. Alipovimba miguu na kushindwa na ngazi za nyumba yake mwenyewe, tulimpeleka Mombasa, akalazwa mbele ya chombo kama hicho hicho, kioo kikielekea ukutani, na tulichoambiwa ni kuwa moyo umekua mkubwa. "Umekua upande upi, mwanangu?" aliuliza ami. Kijana wa koti jeupe akaita mgonjwa mwingine. Foleni ya nje niliiona, wala simlaumu sana. Ila swali lile lilikuwa la fundi, na kugeuza kioo hakuhitaji fedha za wafadhili.

Wala asiniambie mtu kuwa kwetu hatuna huruma na wanyama. Punda wa Lamu wana hospitali yao tangu 1987, ingawa, nasema taratibu, ni Waingereza waliowajengea. Na hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyetiwa motoni kwa kumfungia paka tuliisikia chuoni kabla hatujajua kushika kalamu. Lakini paka wa sokoni akianguka ghafula karibu na vichwa vya samaki, husemwa ajali yake imewadia, na mazungumzo yakaendelea.

Nilimsomea dada yangu barua ile kwa simu, nikiifasiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Nyota anameza dawa. Nikamwambia bado, atarudi kupimwa baada ya mwaka.

"Basi muulize huyo tabibu wenu," akasema, "miguu yangu inavimba kila jioni. Ni chumba kipi?"

Nilipomhimiza aende Mombasa akapimwe, alinitajia ami, na tangu hapo tumo katika mabishano ambayo hayajesha.