Mama na Mto Danube

Nyumbani kwetu neno "safari" lilikuwa na maana moja tu: Mombasa. Zaidi ya miaka thelathini Mama yuko Uingereza, na kila likizo iliishia kule, masanduku ya zawadi yamejaa mpaka zipu hazifungiki. Basi mimi na dada yangu tulipomlipia meli ya mtoni, kutoka Passau hadi Budapest, aliuliza, "Kwani huko twaenda kwa nani?"

Si kwa mtu, Mama. Twaenda kutembea tu.

Na wallahi alipenda. Alipenda vile meli inavyoingia katikati ya kuta mbili, milango inafungwa, maji yanapunguzwa, nasi tunashuka nayo taratibu kama lifti. Alipenda kuamka na kukuta mji mwingine dirishani, bila kubeba sanduku.

Vienna tulitembezwa makasri, tukasimuliwa habari za Mozart. Mimi nilikuwa nimesoma habari za Mwafrika aliyeishi mji huo zama hizo hizo, Angelo Soliman. Alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akafanywa mtumwa, baadaye akawa msomi anayeheshimika mjini. Alipofariki mwaka 1796, ngozi yake ilichunwa ikafanywa sanamu, ikavishwa manyoya ya ndege, ikawekwa kwenye makumbusho ya Kaisari. Binti yake, Josephine, aliomba apewe mabaki ya babake akayazike. Alikataliwa. Sanamu hiyo iliungua kwenye moto wa 1848.

Jioni nilimsimulia Mama, nikitarajia tutazungumzia ubaguzi. Akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo huyo binti hakumzika babake?"

Nikanyamaza. Bibi alipofariki, makaratasi ya Mama yalikuwa bado hayajatoka. Angeondoka Uingereza, asingeweza kurudi kwetu sisi watoto. Mazishi ya mamake aliyasikia kwa simu.

Meli ilipong'oa nanga usiku ule, Mama alisimama ukingoni, akainua mikono, akaomba dua. Ya nani, sikumuuliza.

Lakini kesho yake, kabla hatujafika Budapest, nilimwambia, "Mama, nihadithie siku aliyofariki Bibi." Sikuwahi kumuuliza maishani. Alinihadithia mpaka chai ikapoa: nani alimpigia, alikuwa amevaa nini, nani alimwosha mamake kwa niaba yake.

Nanyi waulizeni wazazi wenu. Si lazima mpande meli.