Kuuona Mvumo

Sisi tunaosoma fonetiki tumezoea kuiona sauti kabla ya kuijadili. Karibu kila siku naifungua Praat, programu iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na maneno ya mtu yanatandazwa mbele yangu kama mstari unaotetemeka. Irabu ina vilima vinavyojirudia kwa mpangilio, lakini sauti ya s ni vurugu tupu. Labda ndiyo maana nilipoanza kulehemu saketi ndogo ndogo usiku, tasnifu ikinichosha, multimita haikunitosheleza. Iliniambia volti 4.9, basi. Haikusema kama volti hizo zimetulia au zinatetemeka mara laki moja kwa sekunde. Nilitaka osiloskopu, chombo kinachochora jinsi volteji inavyopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda.

Kuna mtu mwingine aliyeihitaji kuliko mimi. Baba Mdogo ametengeneza redio na amplifaya Tandika kwa zaidi ya miaka thelathini, na chombo chake kikuu ni sikio. Anajua mvumo wa aina mbili, "mnene" na "mwembamba", na kila mmoja una ugonjwa wake. Nilipoupima kwa kompyuta, mnene ulikuwa wa hezi 50, yaani masafa yaleyale ya umeme wa nyumbani. Huo mara nyingi huingia kupitia nyaya za kuunganishia au waya wa ardhi. Mwembamba ulikuwa wa hezi 100. Rektifaya hulikunja wimbi la umeme ili nusu ya chini nayo iwe juu, hivyo mavimbe 50 huwa 100, na kapasita kubwa huyasawazisha. Kapasita ikikauka, mavimbe hupenya hadi spika. Baba Mdogo hakuhitaji namba hizo. Alisikiliza, akainusa saketi, akaing'oa kapasita.

Tangu mwaka jana masikio yake yanapungua nguvu. Wateja wawili wamerudisha amplifaya alizoamini zimetulia. Hospitalini alijaribishwa kifaa cha kusaidia usikivu, akarudi amenuna. "Nyinyi nawasikia vizuri, mwanangu," aliniambia. "Mvumo ndio siusikii." Hakuwa anatafuta visingizio. Vifaa vingi vya aina hiyo hutengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na sauti isiyobadilika huchukuliwa kuwa kelele ya kupunguzwa. Kwa fundi redio, kelele hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nilikuwa na shilingi laki sita, malipo ya kunukuu mahojiano ya mtafiti mmoja. Mama alitaka ziwe mwanzo wa fedha za kifaa cha sikio. Mimi nilifikiria osiloskopu. Zote mbili hazikuwezekana mwaka huu.

Niliyataka maneno ya Mama yapate haki yake, kwa hiyo nilichagua kwa ubahili. Namba ya kwanza kwenye tangazo la osiloskopu ni upana wa masafa. Ikiandikwa megahezi 50, haina maana kwamba huona kila kitu sawasawa hadi hapo. Kwenye megahezi 50 zenyewe, wimbi la volti 1 huchorwa kama la volti 0.7 hivi. Ndiyo maana mafundi hushauri upana mara tano ya kile unachotaka kukipima. Namba ya pili ni sampuli. CD hurekodi sampuli 44,100 kwa sekunde kwa sababu sikio huishia karibu na hezi 20,000, na zinatakiwa zaidi ya mbili kwa kila wimbi. Hizo zinatosha kuirudisha sauti, lakini ukitaka kuliona umbo la wimbi moja kwa moja kwenye kioo, unataka kumi au zaidi.

Rigol DS1054Z, ambayo wapenda elektroniki wengi walianza nayo, ilipotoka iliuzwa dola 399. Ina chaneli nne, megahezi 50 na sampuli bilioni moja kwa sekunde, ingawa ukiziwasha chaneli zote kila moja hubaki na milioni 250. Kwangu ilikuwa mbali, hata kabla ya usafiri na ushuru. Upande wa pili kulikuwa na DSO138, saketi ya kujilehemu mwenyewe, kilohezi 200, chaneli moja, bei ya chakula cha siku chache. Kwa mvumo ingetosha kabisa. Lakini amplifaya mbovu wakati mwingine hujitetemesha juu sana, kwenye masafa asiyoyasikia mtu yeyote, huku transista zikiungua. Hapo DSO138 ingekuwa kiziwi pia.

Kilichoamua ni usalama. Kwenye osiloskopu nyingi za mezani, klipu ya probu imeungana na waya wa ardhi wa plagi. Ukiibana kwenye sehemu ya saketi iliyounganika moja kwa moja na umeme wa volti 230, unapiga shoti. Ya mkononi inayotumia betri haina kiungo hicho, ingawa nayo si ruhusa ya kugusa popote, maana chuma chake kinaweza kubeba umeme huohuo. Nilipata ya chaneli mbili, megahezi 40, kwa fedha niliyokuwa nayo. Umeme ukikatika Tandika, yenyewe inaendelea.

Kabla ya kulipa nilikwenda kwa Baba Mdogo. Nilimwambia fedha ni hizi, Mama anasema hivi, mimi nasema hivi, na masikio ni yako. Alinyamaza kidogo, akauliza kama mwenye masikio mazima angeweza kuuona mvumo asioweza kuusikia. Nikamjibu kwamba anaweza, hata mdogo sana.

"Basi hiyo si fimbo ya mgonjwa," alisema. "Hiyo ni ya fundi. Nunua."

Mama bado hajakubali. Jumapili hulazimika kumpigia Baba Mdogo kelele mezani, kisha hunitazama. Sina jibu la mtazamo ule, zaidi ya kuanza kunukuu mahojiano mengine. Baba Mdogo sasa hupima kila amplifaya kabla ya kumwita mwenyewe. Mstari ukilala, hugeuza kioo mteja auone.