Waya wa Shaba na Kitufe cha Shangazi

Wale ndugu zetu waliohamia Uingereza miaka mingi iliyopita waikumbuka simu ya nyumbani kuwa ni nyaya mbili za shaba zitokazo ukutani, zikapita juu ya nguzo au chini ya barabara, mpaka kwenye kituo cha simu cha mtaa. Utaratibu huo sasa unafungwa. Mashirika ya simu ya nchi hiyo yalisema kwanza kwamba utakoma mwisho wa mwaka 2025. Kisha katika mwaka 2024 tarehe ikasogezwa mpaka mwisho wa Januari 2027. Baada ya hapo sauti ya kila simu ya nyumbani itapita katika njia ya intaneti.

Msomaji asidhani kwamba shaba yote itang'olewa. Katika nyumba nyingi intaneti yenyewe bado hupita katika shaba kwa kipande cha mwisho cha safari. Kinachokufa ni ile njia ya kale ya kuichukua sauti. Hapo kale mtu akisema, sauti yake iligeuzwa kuwa mtetemo wa umeme, na mtetemo huo ukaenda katika waya kama ulivyo. Katika njia mpya sauti hupimwa mara 8,000 kwa kila sekunde, kila kipimo huandikwa kwa tarakimu za sifuri na moja, na tarakimu hizo hufungwa katika vifurushi vidogo na kupelekwa pamoja na barua, picha na kila kitu kingine. Mitambo ya zamani imechakaa, vipuri vyake ni vigumu kupatikana, na mafundi waliokuwa wakiijua wanastaafu mmoja mmoja. Kwa hiyo mimi si katika wale wanaolaumu mabadiliko haya.

Shangazi yangu akaa Manchester, naye amepita miaka themanini. Barua za Kiingereza huniwekea katika bahasha zake chini ya kitambaa cha meza, mpaka nije. Siku moja nilipokwisha kumwamkia alinipa barua ya shirika lake la simu, akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanataka nini tena kwangu?" Nikamsomea. Ilisema kwamba simu yake itahamishwa, fundi atakuja, wala halipi kitu. Ilikuwa barua ya adabu, lakini juu ya kile kidude anachokivaa shingoni ilikuwa na mstari mmoja tu, tena kwa herufi ndogo.

Kidude hicho kina kitufe chekundu. Akianguka hukibonyeza, chombo kilichounganishwa na simu yake hupiga kwa watu walioajiriwa kungoja usiku na mchana, nao humsemesha kwa sauti au huita gari la wagonjwa. Huko Uingereza watu kama milioni 1.8 hutumia vyombo vya namna hiyo, wengi wao wazee na wenye maradhi. Vile vya zamani viliundwa kwa ajili ya waya wa shaba: huzungumza na kituo chao kwa milio maalumu, na milio hiyo si kila mara hufika salama ikigeuzwa tarakimu. Mwisho wa mwaka 2023 serikali ilipata habari za watu ambao vyombo vyao vilikataa kufanya kazi baada ya simu kuhamishwa, na mashirika yakakubali kusita kuwahamisha watu bila ya ridhaa yao.

Liko na jambo la umeme. Umeme wa simu ya shaba haukutoka katika nyumba ya mwenye simu. Ulitoka kituoni, kiasi cha volti 50, na huko kulikuwa na mabetri na injini za akiba. Taa zikizimika mtaa mzima, simu ya kawaida yenye waya wake iliendelea kulia. Simu mpya yategemea kisanduku cha intaneti kilichochomekwa ukutani; umeme ukikatika, nayo imekatika. Katika Novemba 2021 dhoruba iliyoitwa Arwen iliangusha nguzo kaskazini mwa Uingereza na Scotland, na zipo nyumba zilizokaa zaidi ya wiki nzima gizani, na katika baadhi ya mahali minara ya simu za mkononi nayo ikanyamaza. Idara ya Ofcom, inayosimamia mawasiliano, imeyataka mashirika yampe asiye na njia nyingine chombo cha kumwezesha kuita msaada kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika. Saa moja! Mtu mzima aliyevunjika nyonga usiku wa baridi aijua saa moja ilivyo ndefu, na vilevile aijua ilivyo fupi.

Basi tulikutana jamaa kushauriana. Binamu yangu mmoja alisema, "Mpeni simu ya mkononi, yaishe." Shangazi akamjibu kwamba yeye huanguka msalani, na simu ya mkononi hukaa sebuleni. Nao jamaa wa Unguja, tulipowapigia, walicheka: kumbe Ulaya bado mna simu za waya? Walikuwa na haki ya kucheka. Kwetu watu wengi hawakupata kuwa na simu ya shaba maisha yao. Waliipata ya mkononi kwanza, tangu miaka ya 1990 na baadaye.

Tulifanya hivi. Kabla ya fundi kuja tuliwaarifu wenye kidude na shirika la simu, kila mmoja kwa nafsi yake, kwa kuwa hawaambizani. Fundi alipomaliza tulimzuia asiondoke, Shangazi akabonyeza kitufe. Palikuwa kimya. Akabonyeza tena, milio ikasikika, kisha ikakatika. Fundi alisema kwamba hilo si kazi yake, nami sikumruhusu atoke mpaka alipompigia mkubwa wake na simu ikarudishwa katika waya wa kale siku ile ile. Wiki tatu baadaye kililetwa chombo kingine, chenye kadi ya simu ndani yake na betri, kisichohitaji waya wala kisanduku. Tulipokijaribu, mwanamke alijibu kabla ya kuhesabu kumi.

Katika wiki hizo tatu mtu asiyejulikana alimpigia Shangazi akidai pauni ili simu yake isikatwe. Uhamisho huu hautozwi ada, na wezi wajua kwamba wazee hawajui hivyo. Alikata simu. Ghorofa ya chini yake akaa mzee wa Kipolandi, mjane, naye ana kidude kama kile na barua kama ile, haijafunguliwa. Shangazi amekwisha kumwambia kwamba Jumamosi nitakuja kumsomea.