Na Mama Mkwe Mjini Røros, Norway

Alhamisi, 13 Julai 2023

Tumefika jioni. Kutoka Oslo ni kama kilomita 400, na karibu zote ni msitu na mto. Mama alikuwa anahesabu malori ya magogo hadi usingizi ukamchukua. Baada ya Tynset barabara ilianza kupanda, miti ikafupika, hewa ikabadilika. Mji uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mnamo Januari 1914 kipimajoto cha hapa kilishuka hadi nyuzi 50.4 chini ya sifuri. Nilipomwambia Mama hilo, alivuta sweta ya pili juu ya kitenge akauliza kama kweli huku ndiko kiangazi.

Mitaa mikuu ni miwili, Kjerkgata na Bergmannsgata, inapanda sambamba, nyumba za mbao zimebanana pande zote. Tulichungulia nyuma ya malango: kuna ua, zizi, ghala la nyasi kavu. Mchimba shaba wa Røros alikuwa pia mfugaji, maana kazi ya kampuni ya shaba peke yake haikumlisha na watoto wake. Ng'ombe walilala katikati ya mji.

Saa tano usiku, naandika dirishani bila kuwasha taa. Binti yetu amegoma kulala kwa hoja kwamba bado ni mchana. Baba yake hana jibu.

Ijumaa, 14 Julai

Asubuhi kanisani. Ni jengo jeupe la mawe, la mwaka 1784, refu kuliko yote mjini. Lilijengwa kwa fedha ya kampuni ya shaba, na juu ya mnara wamechora nyundo zilizopishana na alama ya shaba, mahali ambapo mtu angetafuta msalaba. Ndani wanaketi watu kama 1,600. Mimbari iko juu ya altare. Viti vilikuwa na daraja zake: mfalme ana kibanda chake hata kama hayupo, wakubwa wa kampuni mahali pao, wachimbaji na familia zao mahali pao. Ukutani zimetundikwa picha za wakurugenzi na wachungaji.

Mama alizisoma zote kwa macho, moja moja, mikono nyuma. Kisha akasema kwa sauti yake ya Lubumbashi, isiyojua kunong'ona: "Na bale ba kuchimba, beko wapi?"

Mume wangu alicheka, ila mimi swali limenikaa. Marehemu baba mkwe alifanya kazi kwenye tanuri la shaba Lubumbashi, na Mama ameishi miaka yake mingi kwenye kambi ya wafanyakazi: nyumba kwa daraja, unga wa bukari kwa daraja, king'ora kikigawa siku. Hapa walikuwa na kengele badala ya king'ora. Bado ipo, imetundikwa nje ya jengo la tanuri.

Mchana tulikuwa makumbusho ya tanuri, Smelthytta. Nimeandika haya nisisahau. Shaba iligunduliwa mwaka 1644. Mwaka 1646 mfalme Christian IV wa Denmark na Norway aliipa kampuni haki juu ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 45 hivi: misitu, mito, madini, yote ya kampuni. Wakulima waliomo ndani ya duara walilazimika kuchoma makaa na kusafirisha mawe kwa bei iliyopangwa. Jeshi la Sweden liliuchoma mji mwaka 1678 na tena 1679, ukajengwa upya, kazi ikaendelea. Kampuni ilifilisika 1977, baada ya miaka 333. Miaka mitatu tu baadaye UNESCO iliuingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2010 eneo likapanuliwa, na lile duara la mfalme likawa ukanda wa kinga unaolizunguka.

Makuni na makaa ndiyo yaliyokula msitu. Jiwe lilichomwa kwanza kwa wiki kadhaa ili salfa itoke, moshi ukiwaangukia watu, kisha likaingia tanurini. Huko mgodini nako waliwasha moto mkubwa ukutani, mwamba ukipata joto unapasuka, ndipo wakaubomoa kwa nyundo. Ndiyo maana vilima vya jirani ni vipara hadi leo.

Halafu Slegghaugan, malundo meusi ya mavi ya shaba, pembeni kabisa ya mji. Chini yake, Sleggveien, vimejipanga vibanda vidogo, vingine vina nyasi zinazoota juu ya paa. Huko waliishi wasio na ng'ombe wala cheo: vibarua, wazee, wajane. Vimetunzwa sawa na nyumba za wakubwa za kule chini.

Binti yetu alipanda lundo mbio. Mama alifuata polepole, ameshika mkono wa mwanawe. Kule juu aliokota kipande, akakigeuza, akakipima mkononi. "Bantu ba hapa balichunga mpaka mavi yake," alisema. Mume wangu alimkumbusha kwamba la kwao ni kubwa mara nyingi kuliko hili. Ni kweli, pale Lubumbashi lundo na bomba lake la moshi ndivyo picha ya mji, na tanuri lilianza 1911. Tofauti ni kwamba la kwao bado lina mali: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 linachimbwa upya, linayeyushwa tena kutoa kobalti.

"Basi la kwetu litaisha," akasema Mama. "Na hili litabaki."

Kipande alikirudisha chini. Ni marufuku kuchukua, lakini sidhani kama alilisoma lile bango.

Jumamosi, 15 Julai

Olavsgruva, kilomita 13 nje ya mji. Tulishuka mimi na mume wangu, nyuzi tano, kiangazi na majira ya baridi sawasawa. Ukuta unachuruzika maji. Sehemu ya zamani dari lake limekuwa la mviringo kwa sababu ya ule moto. Sehemu mpya ina kona za baruti. Kuna ukumbi mle ndani ambako siku hizi hufanyika matamasha ya muziki.

Mama alikataa kushuka. Tulimkuta mgahawani na mjukuu wake, mbele yao bakuli za tjukkmjølk, maziwa mgando ya Røros, mazito hadi kijiko kinavuta uzi. Sisi watu wa Kigoma tungeyaombea sukari. Mama amekula bakuli mbili kavu na kutangaza kwamba hatimaye amepata chakula Norway. Binti yetu akamshtaki bibi yake: "Kambo amemaliza na yangu."

Duka la vitabu Kjerkgata lina rafu nzima ya Johan Falkberget, aliyezaliwa 1879 na kuingia kazi ya mgodi tangu utotoni. Katika riwaya zake kuna An-Magritt, msichana maskini anayesomba mawe ya shaba kwa fahali. Nilimsimulia Mama. Akauliza kama alikuwepo kweli. Nikasema ni wa hadithini. "Kumbe mpaka mtu atungwe," akajibu, na sikuweza kumpinga. Katika mji ambao kila ubao wa ukuta una tarehe yake, jina la msomba mawe linalokumbukwa zaidi ni la mtu asiyezaliwa.

Jumapili, 16 Julai. Trondheim

Shaba ilipita njia hii hii, majira ya baridi kwa sleji, hadi bandarini. Hisa nyingi zilikuwa za wafanyabiashara wa Trondheim, na mali iliuzwa hadi Amsterdam. Mume wangu anapiga picha maghala ya rangi kando ya mto Nidelva. Mazuri sana. Nimemwambia sasa nimeelewa kwa nini Røros nyumba ni fupi.

Nimebadilisha mawazo kidogo juu ya urithi. Nilidhani kutunza ni kutunza majengo, na Wanorwe wanalijua hilo kuliko sisi. Lakini nyumba inasubiri, mtu hasubiri. Mama ana miaka 74 na kichwani mwake ana mtaa mzima wa kambi: nani alikuwa tanurini, nani wa zamu ya usiku, mke wa nani alitoka Kasai, nani aliungua.

Nimemwomba tuanze kuwaandika. Amekubali kwa masharti: nisiandike kwa penseli, na nianze na majirani, si na mumewe, maana wa kwake hatamsahau. Mpaka saa hizi tuna nyumba sita za upande wa kushoto. Upande wa kulia, anasema, una visa, tuuache mpaka mwanawe alale.